Wenye Land Rover za zamani Tabora na Kigoma: tunachokijua tukiseme, tena tukimalize

MTOA UZI (Tabora Mjini)

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu ni wa wenye Land Rover za zamani, matoleo ya Series II, IIA na III, huku kwetu Tabora na Kigoma na wilaya za katikati: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kasulu, Sikonge. Mwenye Peugeot 404, mwenye Bedford, mwenye Land Cruiser ya kitambo, naye karibu, maana shida zetu ni ndugu. Mimi nitaongelea ninachokishika kwa mikono yangu: Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma), injini ya petroli ya cc 2286.

Nina jambo moja na nalisema kwa uzito. Magari haya mengi hayafi kwa kukosa spea. Yanakufa kwa sababu anayeujua ugonjwa yuko Kasulu, mwenye mgonjwa yuko Ng'ambo, hapa Tabora, na hawajuani. Au wanajuana, lakini aliyesaidiwa akishawasha gari anapotea, harudi kusema tatizo lilikuwa nini hasa. Baadaye mwingine anauliza swali lile lile na tunaanza moja.

Gari langu lilikuwa halikai silensa, yaani injini haitulii bila kukanyagiwa. Likipata moto linazima. Ukilikanyagia, moshi mweusi, na petroli linakunywa mpaka unaogopa kutoka nalo. Mafundi waliolisikiliza wakasema ringi zimekwisha, lishushwe injini, ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Gharama ya ovahoo mnaijua. Nikaeleza kwenye kundi letu la simu, nikaweka na sauti ya injini ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Akajitokeza mzee mmoja wa Kigoma, hatujawahi kuonana uso kwa uso. Hakusema ovahoo. Aliuliza: kabureta ni Zenith au Solex? Nikamjibu Zenith. Akasema, fungua mfuniko wa juu, uulaze kwenye kioo cha dirisha, bonyeza kona moja moja. Ukicheza, umepinda.

Ulicheza. Kumbe Zenith 36 IV zina ugonjwa huo. Watu wanakaza skrubu za mfuniko kwa nguvu wakidhani wanazuia kuvuja, mfuniko unapinda, na ile ringi ndogo ya mpira iliyo chini yake haizibi tena. Petroli inajipitia pembeni bila kupimwa na jeti, kile kitundu kidogo cha kuipimia. Ukikaza zaidi unapinda zaidi. Dawa ni msasa laini wa maji, uutandike juu ya kioo kinene, uusugue mfuniko taratibu kwa mzunguko mpaka uso wote ung'ae sawasawa bila kivuli katikati. Kisha ringi mpya, na skrubu uzirudishe kwa zamu, kona hii halafu kona ya upande wa pili, bila kukamia. Gari likatulia, moshi ukakata, injini haijafunguliwa mpaka leo.

Tazameni alichofanya yule mzee. Aliuliza kabla ya kujibu. Akanipa kipimo ninachoweza kukifanya mwenyewe bila kununua kitu. Akanieleza na sababu, kwa hiyo kesho nikikuta gari lenye dalili zile najua pa kuanzia. Huo ndio msaada ninaouongelea. Mtu anayeandika "badilisha kabureta" akaondoka hajasaidia, amekisia tu.

Kwa nini kwetu jambo hili ni kubwa kuliko kwa mtu wa Dar? Kwa sababu ya umbali. Spea ikitoka Dar inapanda basi au treni, ikifika siyo yenyewe, umepoteza pesa na gari bado limelala. Na magari haya kwa nje yanafanana, ndani hayafanani. Ukimwambia muuzaji "nataka beringi za Land Rover mia na tisa" hujamwambia kitu. Injini ya petroli ya cc 2286 ilitoka kwa miaka mingi ikiwa na beringi kuu 3. Kuanzia 1980 wakaanza kuweka 5. Krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni nyingine kabisa. Series IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaizi, kile kifaa cha kulainisha gia zinapoingia, Series III zinazo gia zote za mbele. Za zamani zaidi betri ilifungwa chanya kwenye bodi, za baadaye hasi. Hata spana: nati nyingi ni za inchi. Spana 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na hiyo nafasi ndogo ndiyo inayokula kona za nati hizi mpaka watu wanaanza kutumia patasi.

Mambo haya yote yapo kwenye vichwa vya watu. Wazee waliokuwa madereva wa misheni, wa serikali, wa vyama vya ushirika vya tumbaku, waliyapokea magari haya yakiwa mapya. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na Series III ikakoma 1985. Hesabu umri wa mtu aliyefunzwa kazi kwenye Series II. Wapo Urambo, wapo Ujiji, wengine hawana simu za kupangusa. Naomba kila mmoja wetu mwenye mzee wa namna hiyo karibu aende akakae naye, amuulize, ayalete hapa kwa maneno ya mzee mwenyewe.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lao, kwa mamia. Picha zilisambaa na watu walishangaa ule wingi wa magari. Nilichokitamani mimi ni boneti zilizofunguliwa, na wenye magari wa mikoa tofauti wameinama pamoja juu ya injini moja. Sisi hatuwezi kwenda Arusha kila tukiwa na swali, lakini kuinama pamoja tunaweza.

Uwanja ni wenu.

MDAU WA MWANGA (Kigoma)

Mkuu ubarikiwe kwa uzi. Mimi nina IIA, fupi, 88, ya marehemu baba. Ilikaa chini ya mti muda mrefu, nimeiamsha. Inawaka vizuri sana asubuhi. Tatizo ni chaji. Nimenunua betri mpya, fundi umeme akaifunga hasi kwenye bodi kama gari zote. Taa ya chaji haizimi, na mshale wa geji unakwenda upande wa kuonyesha inatoa wakati injini inazunguka. Nimeambiwa ninunue dainamo nyingine. Kabla sijatoa pesa nawauliza ninyi.

MSTAAFU (Urambo)

Kijana wa Mwanga, usinunue kitu. Nijibu haya kwanza. Ni dainamo au alteneta? Betri ya zamani bado ipo? Waya uliokuwa umefungwa kwenye bodi ulikuwa na kichwa kinene au chembamba? Kwenye koili pameandikwa nini?

MDAU WA MWANGA (Kigoma)

Shikamoo mzee. Ni dainamo, ndefu, nyeusi. Betri ya zamani ipo, na waya wa bodi una kichwa kinene, fundi ilibidi akibane sana kiingie kwenye hasi. Koili imeandikwa SW (upande wa swichi) na CB (upande wa pointi).

MSTAAFU (Urambo)

Marahaba. Umejijibu mwenyewe kwenye hicho kichwa kinene. Ncha ya chanya ya betri ndiyo nene. Gari la baba yako limefungwa chanya kwenye bodi, kama zilivyokuwa nyingi za mpaka miaka ya 1967 hivi. Fundi wako amegeuza umeme wote.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza, rudisha betri kama alivyoiacha baba, chanya kwenye bodi. Ya pili, kama unataka kuweka redio au taa za siku hizi, libadilishe gari zima liwe hasi kwenye bodi, na hapo dainamo lazima ifundishwe upya, yaani sumaku yake igeuzwe ifuate betri. Kwa vyovyote vile dainamo uifundishe tena, kwa sababu imekwishachanganywa. Chomoa waya mdogo wa F kwenye dainamo. Chukua kipande cha waya, ncha moja kwenye ule upande wa betri ambao haujafungwa kwenye bodi, ncha nyingine iguse F mara mbili tatu, kugusa tu, utaona cheche. Usiishikilie. Rudisha waya wa F, washa gari. Ukiamua kukaa na hasi, geuza na nyaya za koili, na za geji ili mshale usome sawa.

Alteneta usiiguse hivyo kabisa. Alteneta ikifungwa betri kinyume, dayodi zinaungua papo hapo.

MDAU WA KASULU

Wakuu tuwe wakweli. Mateso yote haya ya nini? Toa hiyo injini ya petroli, funga dizeli ya Toyota, weka na alteneta yake, maisha yaendelee. Mimi yangu nimefanya hivyo na inapanda milima ya Kasulu bila shida.

MTOA UZI

Mkuu, sikubezi hata kidogo. Mtu anayebeba mahindi kwa gari lake ana haki ya kufunga injini yoyote inayomlisha. Na kama utatuwekea hapa ulivyounganisha ile injini na giaboksi, sahani uliyochongesha ina unene gani, na propela shafti uliikata kiasi gani, utakuwa umesaidia watu wengi sana, maana wengine wanabahatisha na kuvunja giaboksi.

Ninachoomba ni kimoja. Mtu akiuliza dainamo, tumjibu dainamo. Huyu kijana ana gari la baba yake. Hakuuliza alibadilishe liwe kitu gani.

FUNDI (Isevya, Tabora)

Nimesoma yote nikanyamaza, sasa nasema. Mimi ni fundi, nakula kwa mikono hii. Siku hizi mteja anakuja gereji ameshika simu, ananielekeza. "Wamesema ni kabureta." Wamesema kina nani? Waliisikia injini? Nafungua kabureta yake nzima, nakuta tatizo ni pointi za distributa zimeungua, na bado anataka alipe nusu kwa sababu anadhani anajua. Halafu ninyi mnatoa kila siri bure humu. Fundi atakula wapi?

Na jambo lingine, dalili moja ina sababu nyingi. Gari kumisi, yaani injini kuruka moto, inaweza kuwa kondensa, waya wa plagi, vali imebana, hewa inaingia kwenye manifoldi. Kupitia picha husikii hayo.

MTOA UZI

Kaka, hoja yako ya pili naipokea yote, na ni muhimu kuliko niliyoandika mimi. Hatusikii injini kupitia picha. Ndiyo maana naomba anayeuliza aseme vitu vyote: gari lilianza lini kumisi, likiwa la moto au la baridi, nini kiliguswa kabla yake. Mara nyingi jibu liko kwenye "nini kiliguswa kabla".

Hoja ya kwanza nina neno. Nilipopeleka mfuniko wangu kusuguliwa, nilimlipa fundi. Mikono yangu haina subira ya kioo na msasa kama ya fundi. Nilichookoa ni pesa ya ovahoo ambayo haikuhitajika, na fundi aliyeifanya ile kazi amepata mteja wa kudumu pamoja na jirani zangu wawili. Fundi anayejua hanyang'anywi kazi na mtu aliyesoma. Anayepoteza ni yule anayeuza ovahoo kwa kila anayepita mlangoni, na huyo mnamjua hata ninyi wenyewe mafundi, anawaharibia jina.

Mteja anayetaka kulipa nusu kwa sababu amesoma, huyo amekosea adabu na tumwambie humu humu. Kujua dalili siyo kazi ya mikono.

FUNDI (Isevya, Tabora)

Sawa, hapo tunaelewana kidogo. Basi kabla mtu hajaleta gari kwangu na simu yake, afanye mambo mawili ya bure. Pointi aziweke nafasi ya milimita 0.35 mpaka 0.40 kwa fila geji, siyo kwa kipande cha boksi la kiberiti. Na vali za hiyo injini ya petroli, zote nane, za kuingiza na za kutoa, nafasi ni milimita 0.25. Mpangilio wa moto wa silinda ni 1-3-4-2. Nusu ya magari ninayoletewa yanaponea hapo.

MTOA UZI

Asante sana kaka. Hayo maneno matatu yana thamani kuliko kurasa.

MSTAAFU (Urambo)

Ngoja na mimi niweke langu, kwa vijana wenye IIA. Nawasikia mnavyoingiza gia, chuma kinalia mpaka ng'ambo ya barabara, halafu mnasema giaboksi imekwisha. Ya kwanza na ya pili hazina kitu cha kuzilainisha. Lazima uzioanishe mwenyewe. Unatoka gia ya tatu kwenda ya pili: kanyaga klachi, toa gia ikae nyutro, achia klachi, kanyaga mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, ingiza. Inaingia kama kisu kwenye siagi. Ya kwanza msiiingize gari likiwa kwenye mwendo. Simameni kwanza.

La pili ni ekseli ya nyuma. Sisi zamani barabara ya kwenda Malagarasi wakati wa masika ilikuwa tope tupu, na 109 iliyojaa mzigo ikikwama dereva anakanyaga kwa hasira. Shafti ya nyuma inakatika, unasikia "tak", injini inalia gari haliendi. Wengi walikuwa wanalala porini wakingoja kuvutwa. Hakuna haja. Bonyeza kile kifundo cha njano, magurudumu ya mbele yanashika, utatoka. Kama haabu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, ni za kufungwa kwa mkono, zifunge kwanza. Ukifika pakavu, fungua boliti sita za haabu ya nyuma, chomoa shafti iliyokatika. Gurudumu halitoki na wala huhitaji jeki, kwa sababu gari limekaa kwenye beringi za haabu, siyo kwenye shafti. Kipande kilichobaki ndani kwenye difu nacho kitoe. Kisha nenda nyumbani polepole kwa magurudumu ya mbele.

Anayebeba mzigo asikose shafti mbili chini ya kiti, ya kulia na ya kushoto. Hazilingani urefu.

MDAU WA KASULU

Mzee, hii ya kifundo cha njano nimeendesha Land Rover miaka yote sikuijua. Nilivutwa na trekta kwa jambo hilo hilo. Asante mno. Vipimo vya sahani yangu ya giaboksi nitavipima Jumamosi na kuviweka.

MDAU WA UJIJI

Naomba kuchangia nje kidogo ya magari. Sisi huku tumekua tukiiona MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaanza kazi 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 Waingereza wasiipate. Inasimuliwa kwamba mainjinia walioamriwa kuizamisha waliipaka grisi nzito injini yake yote kabla ya kuiacha iende chini. Ilipoibuliwa 1924, ilitengenezwa, na 1927 ikarudi majini. Wale mainjinia hawakujua nani atakuja kuifungua. Waliifanyia kazi tu.

Nimeitaja kwa sababu ya wale mnaopaki gari kwa muda mrefu. Kabla hujaliacha, chomoa plagi, mimina oili kijiko kimoja kila silinda, zungusha injini kwa mkono, rudisha plagi. Gari la jirani yangu liliachwa hivi hivi na pistoni ziligandia.

MTOA UZI

Mkuu wa Ujiji, hiyo ni nyongeza safi. Na chesesi pia. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haioti kutu, ndiyo maana watu wanadanganyika. Chesesi ni chuma na inaoza kutokea ndani. Anayetaka kununua asitazame bodi. Alale chini na nyundo ndogo, agonge boriti ya nyuma kabisa na mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga. Rafiki yangu aliuziwa gari lililopakwa rangi nyeusi nzito chini, limependeza, na nyuma ya rangi palikuwa na bati na gamu.

MDAU WA MWANGA (Kigoma)

Wakuu, mrejesho kama mlivyotaka.

Nimerudisha betri chanya kwenye bodi kama alivyokuwa nayo baba. Nikachomoa waya wa F nikagusa kama mzee alivyosema. Cheche ilitoka. Nilipowasha, taa ya chaji ilififia, nilipokanyaga kidogo ikazima kabisa, na mshale ukaenda upande wa kuingiza. Sijanunua dainamo. Nimebandika karatasi ndani ya boneti: CHANYA IKO KWENYE BODI, asije mwingine akageuza. Fundi umeme wangu nimemwonyesha, hakukasirika, amepiga picha karatasi.

Mzee wangu wa Urambo, Mungu akuweke. Nitumie ujumbe faragha, nikufungie migebuka mikavu nimpe kondakta wa basi.

Nina swali jingine. Nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, lile tufe la chuma linalogeuka ukikata kona, oili inamwagika mpaka kwenye ringi ya gurudumu. Nimeagiza sili mpya Dar, ipo njiani. Kuna cha kujua kabla sijaifunga?

FUNDI (Isevya, Tabora)

Kabla hujafunga sili, futa tufe lote kwa petroli, likauke, upitishe kucha yako taratibu juu yake, hasa mbele na nyuma ambako sili inasugua. Kucha ikiteleza kote, funga sili mpya na ujaze oili ya 90, umemaliza. Kucha ikikwama kwenye vishimo, kutu imelila, na sili mpya itachanika kabla hujafika Kasulu. Hapo kama pesa ya tufe jipya haipo kwa sasa, jaza grisi nyepesi badala ya oili, inatulia bila kumwagika. Funga vizuri, na usiache breki ikiwa na oili: osha viatu vya breki vya upande huo au uvibadilishe. Weka picha ya tufe hapa nilione kabla hujaanza.